Nyama Hii Imetoka Wapi?

MAMA NA MEZA YAKE

Mwezi huu naomba tukae jikoni tuzungumze juu ya kitoweo ambacho wengi wetu hatukipati kila siku, na ndiyo maana tukikipata tunakithamini. Nasema juu ya nyama. Nitaanza na habari inayonitia aibu, lakini naisimulia kwa sababu mficha maradhi kilio humfichua.

Miaka kadhaa kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku, kijana wetu wa pili alipata kipaimara. Jumamosi saa 8 mchana nilikwenda sokoni kununua kilo 20 za nyama ya ng'ombe kwa ajili ya wageni wa Jumapili. Bucha ya kwanza ilikuwa imebakiwa na kilo 12 tu, hivyo kilo 8 nikazimalizia bucha ya pili. Kote wawili walinifungia kwenye mifuko myeusi ya rambo, wakakaza fundo. Nilipofika nyumbani jokofu lilikuwa limejaa soda. Nikaiweka nyama kwenye beseni huko stoo, ikiwa bado imefungwa, nikaendelea na kazi nyingine. Alfajiri wifi yangu, aliyekuwa amesafiri kutoka mbali kuja kunisaidia, akaamka akaichanganya yote katika sufuria moja, akapika.

Jioni ya siku ile watu 9 walikuwa wanatapika na kuharisha. Mama mkwe alilazwa siku 2 akiwa na dripu mkononi. Daktari akaniuliza maswali mepesi tu. Nyama mlinunua wapi? Mlinunua lini? Mliiweka wapi usiku? Sikuwa na majibu ya maana. Nyama za bucha mbili zilikuwa zimechanganywa. Sikupewa stakabadhi hata moja. Nilipokwenda kuwauliza wenye bucha, kila mmoja alimsukumia mwenzake.

Ndipo minong'ono ikaanza. "Kwani aliyepika ni nani?" Mtu akakumbuka kwamba wifi yangu na mama mkwe waliwahi kukosana juu ya kipande cha shamba. Hakuna aliyesema waziwazi kwamba ametia kitu chunguni, lakini kila mtu alielewa kinachosemwa. Wifi yangu aliondoka Jumatatu asubuhi bila kunywa chai, na kwa miaka 2 hakukanyaga nyumbani kwetu. Nami niliyejua kwamba nyama ililala stoo ndani ya plastiki, sikusema neno.

Akina mama wenzangu, nimejifunza kwamba tusipojua nyama imetoka wapi na imepita njia gani, ugonjwa ukija hatutafuti chanzo, tunatafuta mtu. Kwa hiyo leo tuifuate nyama kutoka malishoni hadi sufuriani, tuone ni mambo gani tunayoweza kuyasoma kwa macho yetu na ni yapi lazima tuulize.

Mafuta ya njano si lazima yawe ugonjwa

Mwaka jana katika kikundi chetu cha wanawake pale usharikani, mama kijana alikataa kupokea nyama ya harusi kwa sababu mafuta yake yalikuwa ya njano. Alisema ng'ombe yule alikuwa na homa ya manjano. Nusura kilo zote zirudishwe, na muuza nyama aitwe tapeli mbele za watu.

Ukweli ni kwamba majani mabichi yana rangi ya njano ndani yake, ileile iliyomo kwenye karoti, ingawa hatuioni kwa kuwa imefunikwa na ukijani. Ng'ombe akila majani mabichi kwa muda mrefu, rangi hiyo hujikusanya katika mafuta yake. Ndiyo sababu ng'ombe wa maziwa aliyezeeka zizini, aliyelishwa matete na majani mabichi miaka mingi, huwa na mafuta ya njano kuliko fahali kijana. Ng'ombe wa aina ya Jersey na Guernsey ndio wanaozidi. Aliyenenepeshwa kwa pumba na mashudu huwa na mafuta meupe. Mbuzi hata akila majani maisha yake yote mafuta yake hubaki meupe, kwa sababu mwili wake huibadilisha rangi hiyo kuwa vitamini A.

Basi ugonjwa wa ini unatambulikaje? Mkaguzi wa nyama hatazami mafuta peke yake. Hutazama weupe wa macho, kano, na ngozi nyembamba zilizomo ndani ya tumbo na kifua. Ikiwa mahali panapopaswa kuwa peupe pamekuwa pa njano, hapo kuna ugonjwa. Kazi hiyo hufanywa machinjioni, mnyama akiwa bado mzima mbele ya mkaguzi. Kipande kikishafika buchani huwezi kuyaona hayo tena. Ndiyo maana muhuri wa mkaguzi ni jambo kubwa, na tutaurudia hapo mbele.

Alichokula mnyama tunakila sisi

Ng'ombe wetu wengi wa asili hula nyasi tu. Nyama yao huwa na mafuta machache, ladha yake ni nzito na hutaka kuchemshwa taratibu. Nyasi mbichi huwapa vitamini E, ambayo huisaidia nyama kushika wekundu wake kwa muda mrefu, na mafuta yao huwa na omega-3 zaidi kuliko ya ng'ombe wa nafaka, ingawa samaki bado anawashinda wote. Siku hizi wako wafugaji, hasa Kanda ya Ziwa kwenye pamba, wanaowanenepesha ng'ombe kwa miezi 2 au 3 kwa mashudu ya pamba, pumba na molasi. Nyama hiyo huwa laini zaidi na yenye mafuta. Wote ni wazuri. Ila bei zao hazifanani, na upishi wake haufanani, kwa hiyo mama ana haki ya kuambiwa anauziwa ipi.

Kwa nguruwe na kuku habari ni nyingine. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana matumbo manne, na mafuta ya chakula chao hubadilishwa sana humo kabla ya kufika mwilini. Nguruwe na kuku hawana matumbo hayo. Mafuta wanayokula huingia mwilini karibu kama yalivyo. Ukimlisha nguruwe vyakula vyenye mafuta mengi ya maji, mafuta yake huwa laini na ya kuteleza, hayagandi vizuri. Kuku akilishwa dagaa wengi hadi siku ya kuchinjwa, nyama yake itanuka shombo hata ukiipika kwa tangawizi na ndimu. Wafugaji wenye uzoefu huwaondolea dagaa siku za mwisho. Nawe mama unayefuga vikuku vyako nyuma ya nyumba waweza kufanya hivyohivyo.

Kuna na dawa. Mnyama aliyetibiwa hapaswi kuchinjwa mpaka muda ulioandikwa kwenye karatasi ya dawa upite. Kila dawa ina siku zake. Kuku wa kisasa akipewa dawa leo na kuuzwa kesho, mabaki ya dawa hiyo yanakuja mezani kwetu, na yanachangia vijidudu kuizoea dawa. Kisha mtoto akiugua kweli, dawa haimsaidii. Kwa macho huwezi kulijua hilo. Ni mfugaji peke yake anayejua, na hawezi kukwambia kama humjui.

Nguruwe, tegu na kifafa

Naomba hapa nikae kidogo, kwa sababu jambo hili limewaumiza wengi na limevunja nyumba nyingi.

Nguruwe anayeachwa azurure hula chochote, pamoja na kinyesi cha watu kilichoachwa vichakani. Ikiwa mtu aliyejisaidia pale ana mnyoo wa tegu, nguruwe humeza mayai ya mnyoo huo. Mayai huanguliwa, na wadudu wakakaa ndani ya nyama wakiwa kama punje nyeupe za mchele. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, anapata tegu tumboni. Mpaka hapo ni mnyoo tu, na dawa yake ipo.

Ubaya zaidi huja kwa njia nyingine. Mtu mwenye tegu asiponawa mikono baada ya kutoka msalani, hueneza mayai kwenye chakula na maji ya nyumba nzima. Atakayeyameza, hata kama hajawahi kuonja kitimoto maishani mwake, anaweza kupata wadudu walewale ndani ya mwili wake. Wakikaa kwenye ubongo huleta kifafa. Madaktari wamelikuta jambo hili katika sehemu kadhaa za nchi yetu zinazofuga nguruwe, kama Mbulu na nyanda za juu za Mbeya.

Fikiri, mama mwenzangu. Mtoto anaanguka kifafa, na jirani anatajwa kuwa mchawi. Mke anaanguka, na anarudishwa kwao eti ana mapepo. Tuombe, ndiyo, nami naamini maombi. Lakini tumpeleke mgonjwa hospitali akapimwe na kupewa dawa za kifafa, na tusimtwike jirani dhambi ambayo haijui. Huenda chanzo ni nguruwe asiye na banda, na nyumba isiyo na choo.

Kwa hiyo nguruwe afungiwe bandani, kila nyumba iwe na choo kinachotumika, mikono ioshwe kwa sabuni, na nyama ya nguruwe iive mpaka ndani pasibaki wekundu. Ukiona punje nyeupe katika nyama, usizitoe kwa kisu ukapika iliyobaki. Mwite mkaguzi.

Safari ya mwisho ya mnyama

Wengi hatujui kwamba hata saa za mwisho za mnyama huonekana katika nyama. Mnyama aliyeshiba na kupumzika ana akiba ya sukari katika misuli yake. Akishachinjwa, sukari hiyo hugeuka kuwa asidi kidogo, nayo huisaidia nyama kuwa nyekundu ya kupendeza na kukaa bila kuharibika upesi. Lakini ng'ombe aliyeswagwa njia ndefu, au kusimama kwenye lori siku nzima bila maji, akipigwa fimbo kutoka mnada mmoja hadi mwingine, huwa ameitumia akiba yote. Nyama yake hubaki nyeusinyeusi, kavu, ya kunatanata, na huharibika mapema.

Vilevile mnyama aliyekufa mwenyewe, yaani kibudu, nyama yake huwa nyeusi kwa sababu damu haikutoka. Torati iliwakataza Waisraeli kula nyamafu, na sababu za afya tunaziona mpaka leo. Mnyama aliyekufa ghafla huku damu isiyoganda ikimtoka puani anaweza kuwa na kimeta. Asipasuliwe wala kuchunwa, hata kama mnaona hasara. Mwiteni daktari wa mifugo.

Tuliyofungiwa nyama

Watu wazima mnakumbuka nyama ilivyofungwa zamani. Huku kwetu mlimani ilikuwa majani ya mgomba, yamebabuliwa kidogo motoni yawe laini, na kamba ya mgomba ya kushikia. Baadaye yakaja magazeti, kisha rambo. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Wenzetu wa Kenya walikuwa wametangulia tarehe 28 Agosti 2017. Sasa tunakwenda buchani na vikapu, bakuli zenye vifuniko na mifuko ya kaki.

Ufungaji si mapambo tu. Nyama ina kitu cha rangi kiitwacho mayoglobini. Ikikosa hewa huwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Ikipata hewa huwa nyekundu ya kung'aa. Ikikaa sana hugeuka ya udongo. Kwa hiyo ukinunua dukani nyama iliyofungwa kwenye mfuko ulioondolewa hewa, usiogope ukiiona ya zambarau. Ifungue, iache kwa muda wa kama nusu saa ndani ya jokofu, itarudia wekundu. Kufunga namna hiyo huizuia nyama kuharibika upesi, lakini haiondoi haja ya baridi. Viko vijidudu vinavyostawi vizuri pasipo hewa, hivyo mfuko huo ukikaa juani ni hatari kuliko nyama iliyo wazi. Ukiona umevimba, usionje. Utupe.

Ziko pia sinia za dukani zilizofunikwa karatasi ya nailoni, na nyingine hutiwa oksijeni nyingi ili nyama iwe nyekundu muda mrefu. Inapendeza macho, lakini wekundu huo hauthibitishi kwamba ni mbichi ya leo. Oksijeni nyingi hata huweza kuifanya nyama iwe ngumu kidogo na mafuta yake yachache. Soma tarehe, usisome rangi peke yake.

Na rambo langu lilikosa nini? Nyama ile ilikuwa bado na joto. Nikaifungia joto lake na unyevu wake mahali pasipo baridi. Kijidudu kimoja kikipata joto na unyevu kinachokipenda huweza kuzaliana mara mbili kila dakika 20. Piga hesabu: baada ya saa 7, kimoja kimekuwa zaidi ya milioni 2. Tena vijidudu vingine huacha sumu ambayo hata ukichemsha haiondoki. Wifi yangu alipoinjika sufuria saa 10 alfajiri, madhara yalikuwa yameshafanyika usiku, na aliyeyafanya ni mimi.

Magazeti nayo tuyaache kwa kusoma. Wino wake haukutengenezwa kuliwa, na hatujui limeshikwa na mikono mingapi. Mfuko uliobebea dawa ya mifugo au mbolea usibebe chakula hata ukioshwa.

Jina la nyama

Sasa tufike kwenye swali la daktari: nyama hii imetoka wapi?

Mwaka 1986 huko Uingereza waligundua ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Chanzo chake kilikuwa chakula. Ng'ombe, mnyama aliyeumbwa ale nyasi, walikuwa wakilishwa unga uliotengenezwa kwa nyama na mifupa ya wanyama wenzake. Mwaka 1996 serikali yao ikakiri kwamba huenda watu walikuwa wameupata kwa kula nyama. Watu 178 wamekufa huko kwa ugonjwa huo, na ng'ombe kwa mamilioni waliteketezwa. Tangu hapo kila ng'ombe wa kule huvikwa hereni yenye namba masikioni na kuwa na hati yake kama pasi ya kusafiria, inayoonyesha alikozaliwa na kila shamba alilopita.

Tusidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Botswana, kwa kuwa inauza nyama Ulaya, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliwamezesha ng'ombe wake kidonge kizito chenye namba, kinachokaa tumboni maisha yote na kusomwa kwa kifaa.

Nasi tumeonja uchungu wake. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia Tanzania, watu zaidi ya 100 walifariki. Hofu ikaenea. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema nyama ya bucha hii imetoka wilaya yenye ugonjwa na ile imetoka wilaya salama, watu wengi waliacha nyama yote, wakakimbilia samaki na kuku. Mfugaji ambaye mifugo yake ilikuwa mizima alipata hasara sawa na yule aliyeuza mgonjwa. Muuza nyama mwaminifu akafunga duka. Wasio na hatia walilipa, kama wifi yangu.

Sheria tunazo. Sheria ya Tasnia ya Nyama ni ya mwaka 2006, nayo ndiyo iliyoanzisha Bodi ya Nyama. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ni ya mwaka 2010. Hereni za kielektroniki zimekwisha kuvikwa ng'ombe wengi, ingawa wafugaji walinung'unikia gharama. Babu zetu hawakungoja mashine. Wafugaji walikata alama masikioni au kuchoma ngozini, na ng'ombe akipotea mnadani mwenyewe alimtambua. Tatizo letu ni kwamba hereni hubaki machinjioni pamoja na kichwa, na kutoka pale hadi kwenye kikapu chako hakuna anayeandika kitu. Sehemu hiyo ya mwisho ya njia iko mikononi mwetu.

Mambo ya kufanya

1. Uwe na bucha yako. Nunua kwa mtu unayemjua na anayekujua. Mwenye bucha anayejua kwamba utarudi Jumamosi ijayo atachagua vizuri nyama atakayokukatia.

2. Tazama muhuri wa mkaguzi kwenye paja au ubavu kabla nyama haijakatwa. Nenda mapema, kipande kikiwa bado kimening'inia.

3. Uliza maswali matatu kwa upole: Amechinjwa lini? Katika machinjio gani? Ametoka wapi, na alikuwa wa nyasi au wa kunenepeshwa? Kuuliza si ujinga. Muuzaji mwaminifu hachukii swali.

4. Kwa shughuli ya watu wengi, omba stakabadhi yenye tarehe na kilo. Ukinunua bucha mbili, pika sufuria mbili. Andika kwenye daftari la jikoni ipi ni ipi.

5. Nenda na chombo chako safi chenye kifuniko. Nyama iwe ndiyo manunuzi ya mwisho sokoni, usizunguke nayo juani.

6. Ukifika nyumbani ifungue. Kama una jokofu liwe na baridi ya nyuzi 4 au chini yake, na nyama ikae chini ya vyakula vingine isije ikavidondoshea maji yake. Igawe vipande vidogo ipoe upesi. Soda zinaweza kukaa nje.

7. Kama huna jokofu, nunua siku hiyohiyo ya kupika. Ikishindikana, ibanike, ikaushe kwa moshi au ichemshe mara moja, uiive kabisa. Kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 bila kuliwa au kupozwa, na kikipashwa kichemke mpaka katikati.

8. Wewe unayefuga na kuuza, andika siku uliyompa mnyama dawa, jina la dawa, na siku inayoruhusiwa kumchinja. Hujui ni mtoto wa nani atakayekula.

Najua wako watakaonikumbusha kwamba mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho sura ya 10, aliwaruhusu Wakristo kula nyama ya sokoni bila kuulizauliza. Ni kweli. Lakini someni vizuri: pale alikuwa akisema juu ya dhamiri na nyama zilizotolewa kwa sanamu. Hakuwa akizungumzia nyama iliyolala stoo. Na sura ileile inatuagiza kila mmoja atafute faida ya mwenzake. Kuuliza kwa ajili ya afya ya wageni wako na jina jema la jirani yako ni sehemu ya upendo huo.

Mtauliza, je, wifi yako? Ilinichukua miaka 2 kupata ujasiri. Nilikuwa nimehudhuria semina ya lishe pale usharikani, na mwalimu alipoeleza habari ya nyama yenye joto iliyofungwa kwenye plastiki, nilihisi kama ananisema mimi mbele ya watu wote. Wiki ile nilipanda basi nikaenda kwake. Nilimweleza yote: saa niliyonunua, bucha mbili, fundo la rambo, jokofu lililojaa soda. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Na mama unamwambia lini?"

Hilo lilikuwa gumu zaidi, lakini nilimwambia mama mkwe na wazee wa ukoo siku moja, wifi yangu akiwa amekaa hapo. Hatukurudi kuwa kama zamani kwa siku moja. Lakini Krismasi iliyofuata alikuja na watoto wake, na nyama ya siku ile tulikwenda kuinunua pamoja. Yeye ndiye aliyemuuliza mwenye bucha ng'ombe ametoka wapi, nami nikaandika kwenye daftari.

Bwana awabariki nyumbani mwenu, na meza zenu ziwe na amani. Tukijaliwa, mwezi ujao tutazungumza juu ya maziwa.